Kuku wamejaa banda, naweza kuwachanganya na mbuzi na bata?

mitetea_tisa
Wakuu habari zenu, naomba ushauri maana hali imeanza kunizidi. Nilianza na mitetea tisa na jogoo mmoja, wakaatamia mara mbili na vifaranga wakapona wengi kuliko nilivyotegemea, juzi usiku nimewahesabu wakiwa wamelala wako 38 na kuna mwingine kalalia mayai 11. Banda lao ni mita 2 kwa 3. Wanagombania fito za kulalia, wadogo wanaishia kulala chini kwenye kinyesi, na asubuhi nikifungua mlango ile harufu inapanda puani mpaka macho yanawasha.

Pembeni nina banda la mbuzi wanne, kubwa, nusu halitumiki. Pia kuna bata sita wanalala nje kwenye kona. Nimewaza nihamishie kuku wote kwa mbuzi, fito ziwe juu, bata walale chini, usiku nafunga mlango mmoja basi. Kuna mtu anafanya hivi? Naogopa kuharibu nikapoteza wote.

fundi_banda
Hongera kwanza mkuu, vifaranga kupona wengi hivyo si jambo dogo. Sasa twende kwenye hesabu. Kuku wakubwa weka wanne, wakizidi sana watano, kwa kila mita ya mraba, wewe una mita za mraba 6 kwahiyo hapo ni kuku 24 hadi 30, na hao wadogo wanakua. Kwenye fito kila kuku anataka kama sentimita 20 hadi 25, kwa 38 ni karibu mita 8 au 9 za fito ukizijumlisha zote. Viota vya kutagia, kimoja kinatosha mitetea wanne au watano.

Hiyo harufu inayowasha macho ni amonia, na kumbuka wewe unaisikia ukiwa umesimama, wao wako chini kabisa inakotokea. Leo hii, kabla hujajenga chochote, toa kinyesi chote, mwaga maranda makavu, halafu fungua nafasi ya hewa juu chini ya paa pande mbili, iwe juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala ili upepo usiwapige. Watu wengi wanaziba kila kitu wakidhani wanawakinga na baridi kumbe unyevu na amonia ndivyo vinavyowaumiza kifua.

Nusu ya banda la mbuzi ichukue, ila piga ukuta. Mbao kutoka chini hadi kiunoni, kutoka hapo hadi paa wavu wa matundu madogo. Ukiweka fito juu ya mbuzi kinyesi kinaanguka kwenye majani yao na kwenye maji, na mbuzi majani machafu hali, anayaacha yanaoza tu.

mama_beberu
Nakubaliana na ukuta kwa asilimia mia, na sababu kubwa kuliko kinyesi ni CHAKULA. Mimi nilipoteza mbuzi jike mwenye mimba kwa hili hili. Kuku walikuwa wanakula humo humo, usiku mmoja akafungua kifuniko cha ndoo akala chakula cha kuku sijui kiasi gani, asubuhi nikamkuta tumbo limevimba ubavu wa kushoto, anasaga meno, hacheui, daktari wa mifugo alipofika ilikuwa too late. Nafaka nyingi kwa mkupuo inageuka asidi kwenye tumbo la mbuzi. Bado naumia nikikumbuka.

Kama kuna siku utaleta kondoo ujue chakula cha kuku kina madini ya shaba na kondoo hayatoi vizuri mwilini, yanajikusanya kwenye ini. Na punda au farasi ndio usithubutu kabisa, baadhi ya vyakula vya kuku vina monensini, dawa ya kuzuia kosidiosisi (ugonjwa wa vijidudu vya utumbo), kidogo tu inaua.

Weka chakula kwenye pipa la mfuniko wa kubana, na pipa lenyewe likae chumba kingine.

kijito
Bata waache nje ya hii habari ndugu yangu. Bata akinywa anachovya kichwa chote na kumwaga, ndani ya siku mbili maranda yameloa, na maranda yaliyoloa ndiyo nyumba ya kosidiosisi, vifaranga wanaanza kuhara damu. Tena bata dume akiwa na majike wachache anapanda mitetea na anaweza kuwaumiza vibaya. Wajengee kibanda kifupi cha chini, hawahitaji fito, wanalala sakafuni, ila wafunge usiku maana kicheche akimkuta bata nje hana kazi kubwa.

mitetea_tisa
Asanteni sana, pole sana mama_beberu. Basi ukuta napiga. Swali, tundu la kuku kutokea nje nilifanyeje ili mbuzi wasipite? Na huyu anayelalia mayai nimhamishe?

fundi_banda
Tundu la kimo sentimita 35 kwa upana 30 mbuzi mkubwa hapiti, ila wana-mbuzi watapita, nimewaona kwa macho yangu. Dawa ni kulitoboa ukuta wa upande wa pili kabisa, usiotazama uwanja wa mbuzi. Mtetea muache hapo mpaka atotoe, ukimsogeza sasa anaweza kuyasusa mayai. Wakitoka vifaranga wape kona yao yenye wavu, wakubwa wawaone bila kuwafikia.

kijito
Nyongeza kidogo, ukinunua kuku wa nje usiwaingize moja kwa moja, watenge wiki 4 mbali na hao, na uwahudumie mwisho ukishamaliza wengine. Kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi, kikiingia kwenye kundi la 38 hakichagui, kwahiyo chanjo iwe tayari kabla hujahamisha.

mitetea_tisa
Chanjo ya hawa wakubwa walipata, wadogo bado. Naanza na hao kesho, halafu mbao.