Naomba ushauri: shajara ya Winthrop niisome vipi?

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu John Winthrop, gavana wa Wapuriti (Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali wa dini) waliohamia Massachusetts, Amerika, mwaka 1630. Shajara yake inanichanganya. Mtu huyu katika hotuba yake alihimiza upendo na kubebeana mizigo, lakini mwaka 1637 akasimamia kesi ya Anne Hutchinson, mwanamke aliyepinga mafundisho ya wachungaji wa koloni, hadi mama wa watu akahukumiwa kufukuzwa. Halafu Februari 1638 anaandika kwamba meli Desire imeleta pamba, tumbaku na watu weusi kutoka Karibi. Sentensi moja, basi, kasonga mbele!

Msimamizi wangu anataka nianze na hotuba hiyo ya upendo. Mimi naona barua kwa mkewe Margaret zinamfichua zaidi. Mliobobea, nianzie wapi? Na daftari la pili la shajara, lililoungua 1825, nakala yake niiamini kiasi gani?