Naomba ushauri: wakwe wanakuja Napoli, nawaelezaje sanamu za uchi?

Baharia_Tanga
Wakuu, habari za leo. Mwezi ujao wazazi wa mke wangu wanakuja kututembelea hapa Napoli. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu na ameshasema kwamba lazima aone Makumbusho ya Akiolojia. Humo sanamu za wanaume walio uchi zimejaa. Mgeni niliyempeleka mwaka jana aliniuliza mbele za watu: kifua kimejaa, mapaja kama nguzo, mbona huko chini wamempunja? Nilikosa jibu. Mzee naye ataniuliza tu, namjua. Nimjibu nini, na kwa lugha gani, mama mkwe akiwa pembeni?

Kijana wa Ilala
Mkuu, mchongaji aliona haya. Hakutaka watu wakodolee pale. Mwambie hivyo yaishe.

Mwl. Historia
Hapana, ndugu yangu. Angekuwa na haya angewavika nguo. Sanamu hizo zinafuata mtindo wa Wagiriki wa kale, na wanaume wa Kigiriki walifanya mazoezi na kushindana Olympia wakiwa uchi, na uwanja wao wa mazoezi ulipata jina lake kutoka neno *gymnos*, yaani uchi.

Kwao udogo ule ulikuwa sifa. Katika Mawingu, tamthilia ya Aristophanes wa Athens wa karne ya 5 KK, kijana anayefuata malezi ya zamani anaahidiwa kifua kinachong'aa, mabega mapana, ulimi mdogo, makalio makubwa na uume mdogo. Angalia ulimi na uume vilivyowekwa pamoja: vyote viwili vinahitaji lijamu. Wagiriki waliita tabia hiyo *sophrosyne*, na Kiswahili kina neno linalokaribiana nayo sana: kiasi. Mtu wa kiasi hatawaliwi na tamaa, na mchongaji aliionyesha tabia kwa mwili.

Uume mkubwa waliwapa masatiri, viumbe nusu mtu nusu mnyama, walevi wasiojizuia. Aristotle naye aliandika kwamba mwenye uume mkubwa huwa na uzazi hafifu kwa sababu mbegu hupoa njiani. Kisayansi si kweli, lakini inakuonyesha walivyofikiri.

Mama Wawili
Shemeji, mimi ningeanzia kwa Doryphoros, mbeba mkuki. Ni nakala ya marumaru iliyotoka Pompeii, mji wa kale wa Kirumi hapo jirani, ya kazi ya Polykleitos, mchongaji wa Kigiriki. Huyo bwana aliandika hata kitabu cha vipimo, kila kiungo kikipimwa kwa kingine. Mzee akishaona kichwa, kiwiliwili na miguu vinavyolingana, hilo lingine litakuja lenyewe bila kulinyooshea kidole. Mbele ya mama sema "maumbile", inatosha. Neno lenyewe usilitaje mpaka mzee aulize mkiwa wawili.

Ila kuna Chumba cha Siri humo humo. Usiwaingize bila kuwaambia kwanza! Humo mna vitu vya Kirumi ambavyo ni kinyume kabisa, na mkienda Pompeii mtamkuta Priapus, mungu wao wa uzazi, amechorwa mlangoni mwa nyumba ya akina Vettii, amepima uume wake kwenye mizani na mfuko wa fedha. Warumi walivaa na kutundika maumbo kama hayo kuzuia kijicho. Mwambie mzee ni hirizi, atakuelewa mara moja.

Baharia_Tanga
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Mke wangu amekubali kumpeleka mama kwenye mosaiki, zile picha za vijiwe, wakati mimi namjibu mzee. Swali moja limebaki: yule Hercules mkubwa wa Farnese, shujaa wa hadithi za kale, naye ni hivyo hivyo?

Mwl. Historia
Hivyo hivyo. Mita tatu na ushee za misuli, na pale ni kiasi tu. Mkifika kwake mzungushe mzee nyuma, amtazame mkono wa kulia: ameyaficha mgongoni matufaha ya Hesperides, mabinti wa hadithi waliolinda bustani ya matufaha ya dhahabu. Wengi humtazama mbele tu, wakaondoka bila kuyaona.