Kauboi wa angani: apigwe picha jangwani au mbele ya ukuta wa LED?

Rimoti Mezani (mleta mada):
Wadau wa kauboi wa angani, yaani hadithi za kikauboi zinazotokea sayari za mbali, salaam. Kila tamthilia mpya ya aina hii ikitangazwa tunabishana nani anafaa kuwa steringi. Leo tubishane wapi apigwe picha. Tangu The Mandalorian, tamthilia ya ulimwengu wa Star Wars, ianze kuonyeshwa Disney+ tarehe 12 Novemba 2019, watayarishaji wengi wameingia ndani: unasimamishwa ukuta uliopinda wa skrini za LED, jangwa linachezwa juu yake, mwigizaji anasimama mbele. Msimamo wangu ni kwamba ukuta huo unafaa kwa hadithi nyingi za angani, ila kwa kauboi usiwe uwanja mkuu. Kauboi anataka jua kali, umbali na vumbi, na ukuta unashindwa hapo hapo.

Tazameni kofia. Jua la saa tisa alasiri likimpiga mtu aliyevaa kofia pana, kivuli cha ukingo wake kinakata uso kwenye pua kwa mstari mmoja: juu giza, chini mwanga. Mwigizaji akiinua kidevu kidogo, macho yanatoka gizani na mtazamaji anajua mambo yameiva. Ndani ya ukuta mwanga unatoka darini na pande zote, hivyo ule mstari haupo. Linabaki doa la kijivu chini ya nyusi, na macho yanaonekana muda wote. Unamfichaje mtu hapo?

Bi Lenzi:
Hoja ya kofia naipokea, lakini umeruka sababu ya ukuta wenyewe kuletwa. Shujaa wa The Mandalorian anavaa chuma kinachong'aa. Mweke mbele ya kitambaa cha kijani, kile ambacho mandhari yake huchorwa baadaye kwa kompyuta, kijani chote kinarudi kifuani, mabegani na kwenye kofia yake. Watu wa madoido ya kompyuta watakesha wakikifuta fremu kwa fremu, kisha wachore upya mng'ao wa jangwa ambalo halikuwepo. Kwa ukuta, mlima ulioko kwenye skrini unaonekana wenyewe kwenye chuma, na akigeuka unahama naye.

Vipimo viwekwe mezani. Ukuta wa sizoni ya kwanza, Manhattan Beach Studios huko California, ulikuwa na kimo cha futi 20, yaani mita 6 hivi. Ulizunguka nyuzi 270, na uwanja wa ndani ulikuwa na kipenyo cha futi 75, kama mita 23. Darini nako LED. Kompyuta inafuatilia kamera ilipo, na Unreal Engine, programu ya kutengenezea gemu, inasogeza mandhari kwa kuifuata. Eneo linaloonwa na lenzi ndilo linalochorwa kwa ubora wa juu. Kwingine kote kazi yake ni kutoa mwanga na mng'ao tu. Zaidi ya nusu ya sizoni ilipigwa humo.

Na machweo je? Jangwani ule mwanga mzuri haufiki hata saa moja. Ukutani unakaa nao saa kumi mfululizo ukitaka. Kwa ratiba ya tamthilia hilo ni pesa.

Mpiga Debe wa Posta:
Wengine tunaangalia kwenye simu, usiku, bando la kuungaunga. Kivuli cha kofia nani anakiona? Leteni stori bwana.

Fundi Taa:
Mkuu, kwenye simu ndiyo kinaonekana zaidi. Kioo kidogo kinaficha nukta za kitambaa, hakifichi mpaka wa giza na mwanga. Watu wanasema "hapa kama wako ndani ya ukumbi" bila kujua kilichowafanya waseme hivyo.

Sababu ni hii. Kivuli kinakuwa kikali pale chanzo cha mwanga kinapoonekana kidogo. Jua, kwa tunavyoliona kutoka chini, lina upana wa nusu nyuzi tu angani. Dari ya LED ni chanzo kipana mno. Ukichora jua dogo darini na kuliwasha kwa nguvu zote, hizo paneli chache hazina ubavu wa kushindana na zilizobaki. Ukipunguza zilizobaki, mandhari inakufa. Ukiingiza taa kubwa ya kweli, mwanga wake unamwagikia ukutani, weusi unageuka kijivu na mlima wako unafanana na bango la uchaguzi la mwaka juzi. Wapigapicha wa The Mandalorian walilijua hili mapema. Matukio ya jua kali waliyatoa nje, kwenye uwanja wa studio, ukuta ukaachiwa mawingu, alfajiri na machweo. Kwa hiyo mleta mada hasemi kitu ambacho wenye ukuta hawakijui.

Vumbi ndiyo balaa lenyewe. Jangwani vumbi linapendeza likipigwa na jua kutoka nyuma. Mbele ya ukuta, vumbi au moshi ukitanda kati ya mwigizaji na skrini unashika mwanga wa skrini nzima, picha inapauka, kina kinapotea. Na rangi msiisahau: paneli hizi zinatoa nyekundu, kijani na bluu tu, katikati kuna mapengo. Jicho linadanganyika na kuona mweupe safi, lakini ngozi na mchanga vikimulikwa na mwanga huo peke yake vinatoka na rangi ya ajabu. Tiba ni kuongeza taa za kawaida kwa ajili ya uso, halafu unarudi palepale pa kumwagikia ukuta.

Rimoti Mezani:
Asante Fundi. Niongeze umbali. Mita 23 mtu anazivuka kwa sekunde 15 akitembea kawaida. Mnyama wa kupanda akikimbia kilomita 40 kwa saa anazimaliza kwa sekunde mbili.

Sasa pangeni pambano la bastola. Wawili wanatazamana kwa hatua 20, tuseme mita 15. Kamera iko mita 3 nyuma ya wa kwanza. Nyuma ya wa pili mmebakiwa na mita 5 mpaka ukutani. Ukimweka yule wa mbali kwenye fokasi, ukuta nao unakaribia kuingia kwenye fokasi, lenzi inaanza kuona vitone vya LED, na picha inatoa yale mawimbi yanayochezacheza, moare. Dawa yake ni kumleta mwigizaji karibu na kamera, kufungua lenzi na kuacha nyuma iwe ukungu. Ndiyo maana Greig Fraser, mpigapicha wa The Mandalorian, alichukua kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi za anamofiki, ambazo nyuma yake inalainika haraka. Uamuzi wa akili. Lakini unaishia na uso, uso, bega, uso. Yule mtu mdogo anayetokea kwenye upeo wa macho na kukaribia taratibu mpaka unamtambua, humpati.

Mkwawa wa Mirihi:
Nyote mmeshikilia mchanga. Kwangu mimi kauboi ni mahali ambapo sheria iko mbali na deni liko mlangoni. Firefly, tamthilia ya Joss Whedon iliyorushwa na kituo cha Fox mwaka 2002, ilikuwa meli moja ya mizigo, nahodha aliyepigana upande ulioshindwa, vibarua vya magendo, na vipuri vilivyochoka. Chukueni episodi ya Out of Gas: kipuri kimoja cha injini kinakufa, moto unalipuka, hewa inabaki ya saa chache, nahodha anawaondoa wenzake na kubaki peke yake. Episodi ya kikauboi kabisa, na jangwa halihusiki.

Walifanyaje? Meli ilijengwa kweli, sitaha mbili, kila sitaha ikiwa seti nzima iliyounganishwa, kamera ya mkononi inatoka kwa rubani mpaka jikoni bila kukata. Angani hakuna sauti. Madoido ya kompyuta ya kampuni ya Zoic yaliiga kamera hiyo hiyo: picha ya meli angani inatikisika, inaikosa, inaitafuta, inaikuta. Yaliwapa tuzo ya Emmy mwaka 2003.

Na kilichoiua hakikuwa mandhari. Episodi ya utangulizi ya saa mbili, Serenity, inayotambulisha watu tisa wa melini, iliwekwa kando. Fox walianza na The Train Job tarehe 20 Septemba 2002, Serenity ikarushwa 20 Desemba wakati mambo yamekwisha. Ijumaa usiku, besiboli ikikatiza katikati. Zilitengenezwa 14, zikarushwa 11.

Bi Lenzi:
Kaka Mkwawa, Firefly ni yangu pia, lakini tusidanganyane: ukitoka melini, sayari ni California ile ile, kichaka kikavu na kilima cha kahawia. Ukuta ungewapa sayari tofauti kila wiki. Na mpangilio wa episodi hauelezi kila kitu. Cowboy Bebop ya Netflix, toleo la waigizaji halisi na si lile la katuni, episodi zote 10 zilitoka pamoja na kwa mpangilio wake tarehe 19 Novemba 2021, na siku 20 baadaye ikafutwa.

Halafu mnaosifia jangwa hamtaji adha yake. Jua linasogea nyuzi 15 kila saa. Picha pana ikipigwa saa tatu asubuhi na ya karibu saa saba mchana, kivuli cha pua kimehama, mhariri hawezi kuziunganisha. Kwa hiyo saa za mchana unatandika kitambaa cha kupunguza jua, mita 6 kwa 6, juu ya mwigizaji. Upepo ukikikamata kinageuka tanga na mafundi wanne wanaburutwa nacho. (Na kivuli chenu cha kofia kimekwenda, maana kitambaa kinalainisha mwanga vilevile!) Nyayo nazo: kila mtu akishapita kwenye tuta la mchanga, lile tuta limeharibika. Ama unasogea pembeni kwenye mchanga ambao haujakanyagwa, ama unasubiri watu wafagie, na wanaofagia nao wana miguu. Punje za mchanga zinaingia kwenye pete ya lenzi na fokasi inakwaruza. Mwaka 1976 Star Wars ya kwanza ilipigwa na dhoruba Tunisia, seti zikaharibika mwanzoni mwa kazi. Nani anataka kumweleza mwenye pesa habari hizo?

Rimoti Mezani:
Bi Lenzi, kuhusu kitambaa umenishika, sina ubishi. Lakini kinatumika picha za karibu tu. Picha pana inabaki na jua lake, na hiyo ndiyo ninayoililia. Angalia Fallout ya Amazon, 2024. Si ya angani, ila ina mwindaji wa zawadi mwenye kofia, kauboi mtupu. Walikwenda Namibia, wakapiga Kolmanskop, mji wa wachimba almasi uliohamwa, nyumba zimejaa mchanga mpaka madirishani. Ukuta wa LED nao waliutumia kwingineko. Nilivyosema tangu mwanzo, usiwe uwanja mkuu. Chumba cha rubani, baa yenye dirisha, machweo mafupi, hivyo viingie ndani. Kuwasili, kuondoka na kupigana vitoke nje.

Mpiga Debe wa Posta:
Mnavyoongea kama pesa ni zenu.

Fundi Taa:
Haha. Pesa ndiyo inayowadanganya wengi, wakidhani ukuta ni njia ya mkato. Fuata hatua zake uone. Watu wanatangulia mahali pa kweli na kupiga mamia ya picha zinazopandiana. Zinaunganishwa kuwa mandhari ya pande tatu. Mwongozaji anaizunguka akiwa na miwani ya VR, anachagua pembe. Wajenzi wanaandaa ardhi ya kweli ya mbele, mchanga na mawe, rangi ilingane na ya skrini pale vinapokutana. Hapo ndipo kamera inawashwa. Mandhari iwe imekamilika kabla ya siku ya kwanza, wakati kwa kitambaa cha kijani ungeichora miezi baadaye. Tamthilia ambayo maandishi yake yanabadilika kila wiki itaumia: umeandaa korongo, mwandishi kahamishia tukio bandarini, na korongo lile ndilo lililopo ukutani Jumatatu asubuhi. Likishapigwa limeingia kwenye picha, kulitoa ni kazi upya.

Mwana wa Mvita:
Ndugu zangu, mbona sauti hamuitaji? Ukuta mgumu uliopinda huyakusanya maneno na kuyarudisha katikati, pale pale aliposimama mwigizaji. Anayenong'ona kando ya moto wa kambi atasikika yumo birikani. Mafundi wa sauti huficha maikrofoni ndogo nguoni na kuning'iniza vifyonza sauti kila pembe ambayo kamera haiioni, lakini nafasi ya kuvining'iniza ni haba kwa kuwa dari na ukuta vyote ni skrini. Kilichobaki ni kurudia sauti studioni baadaye.

Sasa yakhe, Bi Lenzi, ile tamthilia yako yalimdhuru nini haya? Hayakumdhuru kitu. Mdomo wa shujaa hauonekani. Pedro Pascal, mwigizaji wake, anaweza kuweka sauti wakati wowote, na ndani ya chuma mara nyingi alikuwa Brendan Wayne au Lateef Crowder. Uso haupo, kwa hiyo rangi ya ngozi si tatizo na kivuli machoni si tatizo. Chuma king'aacho chataka ukuta. Mleteni sasa shujaa mwenye uso wazi, ndevu za siku tatu na kofia ya ngozi isiyong'aa, anayezungumza kwa sauti ya chini, kisha mniambie katika faida zote mlizozitaja amebakiwa na ipi zaidi ya machweo.

Bi Lenzi:
Amebakiwa na machweo na ratiba, Mwana wa Mvita. Na kwenye bajeti ya televisheni, ratiba inashinda kofia. Fundi Taa, hebu nijibu hili: ukiondoa paneli za darini sehemu moja, ukapitisha taa moja kali kwenye tundu hilo na kuikinga isiguse ukuta, kivuli cha mleta mada hakirudi?

Fundi Taa:
Kinarudi, kwa mtu mmoja aliyesimama kwenye alama yake. Akipiga hatua tatu ametoka nje ya duara la taa. Wakiwa wawili, vivuli vyao havitalala upande mmoja, kwa sababu taa iko mita sita juu yao, si kilomita milioni 150. Kwa picha ya karibu nitaikubali kazi hiyo. Kwa pambano la hatua 20, niiteni nje.