Naomba ushauri: nikubali kukata sura inayochekesha?

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Marekani, nimeandika riwaya ya vichekesho kuhusu wanawake wawili wanaopendana, mmoja muuza vitumbua. Miaka minne naamka saa kumi alfajiri, naandika kabla ya zamu.

Kampuni ndogo inayochapisha hadithi za wanawake kama hao imeikubali, ila mhariri anataka niondoe sura ya barua ya mapenzi iliyofungiwa vitumbua: mafuta yamefuta jina, mteja mzee akadhani kaandikiwa yeye. Naipenda mno sura hiyo!

Halafu mkataba. Naiad Press, kampuni ya Marekani ya vitabu vya wanawake wanaopendana iliyoanza 1973, ilipofunga 2003 vitabu vyake vingi vilihamia kampuni nyingine, Bella Books. Hawa walionikubali nao wakifunga, haki zangu zinarudi vipi? Nidai kipengele gani? Aliyewahi kusaini anisaidie, natakiwa kujibu Ijumaa.