Tupeane uzoefu: kuna aliyewahi kuokota sarafu ya thamani kwenye chenji?

Mleta mada: Wakuu, wiki ya tatu sasa kila usiku namwaga chenji ya genge mezani, napekua moja moja. Shemeji yenu anadhani nimerogwa. Nilianza baada ya ile picha ya dala (shilingi tano ya zamani) ya Nyerere inayozunguka WhatsApp, eti inanunuliwa kwa mamilioni. Mpaka leo nimeambulia macho kuuma. Waliojaribu kweli, inalipa?

KondaMstaafu: Nimepiga debe na kukata nauli miaka 11, njia ya Mbagala. Piga hesabu ya sarafu zilizopita kiganjani. Hamsini ya kifaru, mia ya swala, mia mbili ya simba, na tangu 2014 jero ya nyati. Basi! Shilingi ilivyoshuka, dala na sumni (senti hamsini) zilikosa cha kununua, zikalala kwenye makopo ya wazee. Nyingine mafundi walizitoboa wakazifanya washa za bolti. Wewe unapekua chenji ya leo kutafuta pesa ya juzi.

Binti_Unguja: Kopo ninalo, jamani, na ndilo lililoniliza. Bibi aliniachia pesa za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zile za shaba zenye mizani, mwaka 1299 wa Hijria. Nikazisugua kwa limao na majivu mpaka zikang'aa kama sufuria ya harusi. Muuza vitu vya kale Mji Mkongwe akazigeuza, akaguna: "Mwanangu, umezichuna ngozi." Akachukua zile nne tu ambazo sikuzigusa, nyeusi tii, kwa bei ya kilo mbili za changu. Anasema zilipigwa nyingi mno. Msisafishe!

Mtu_wa_Minnesota: Huku Marekani ni habari nyingine. Nakaa kaunta ya kituo cha mafuta, zamu ya usiku. Robo dola na senti 10 zilizopigwa hadi 1964 zina asilimia 90 ya madini ya fedha, na bado ni pesa halali, kwa hiyo mtu anakulipa nazo bila kujua. Mwaka siangalii, naangalia ukingo: za sasa zina mstari mwekundu wa shaba, ya fedha ni nyeupe yote, na ukiiangusha inalia kama kengele ndogo. Miaka minne nimepata saba, kila moja nikaweka robo yangu kwenye droo nikaichukua. Lakini hapo nipo kazini, nalipwa. Siku nilipojitia ujuzi nikatoa benki roli 50 (sarafu zilizofungwa pamoja), yaani robo dola 2,000, Jumamosi nzima ikaisha kwa kupekua mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilipata moja.

Wa_Nakuru: Huku Kenya ni forty bob (sarafu ya shilingi 40) ya Rais Kibaki, 2003, miaka 40 ya uhuru. Kila Mkenya aliificha akidhani ni yeye pekee. Mimi niko nazo sita. Wanunuzi, sifuri.

Mzee_wa_Tabora: Shilingi ya King George yenye simba na milima nilimpelekea sonara. Akanicheka: fedha ni robo tu, iliyobaki ni mchanganyiko. Nimemrudishia mjukuu achezee.

Mleta mada: Sasa yule jamaa wa ile picha ya WhatsApp ananiambia nitume elfu thelathini ya "kusajili sarafu", ndipo mnunuzi apande ndege.

KondaMstaafu: Usitume hata mia.

Mleta mada: Hiyo ni ya pili, mkuu. Ya kwanza ilienda Jumatatu.