Ushauri: kampuni ya kokoto inataka kuja shuleni kuongea na wanafunzi, tuwakubalie?

Mwl_wa_Kata
Wakuu habari za jioni.

Nafundisha Jiografia sekondari ya kata pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na ndiye mwalimu wa ushauri nasaha (jina kubwa, kazi yenyewe kuita wazazi). Nyuma ya shule kuna kilima ambacho tangu Serikali ihamie huku kinaliwa kidogo kidogo. Mchana baruti, krasha inasaga mpaka jioni, tipa zinapita getini kwetu. Sasa wenye leseni wameleta barua. Wanataka kuzungumza na kidato cha tatu na cha nne kuhusu kazi za machimbo na usalama, kisha wawatembeze huko kilimani. Na wameahidi madawati 40.

Mkuu wa shule alipofika kwenye madawati hakusoma zaidi. Mimi nasita. Jumamosi nawaona wanafunzi wangu haohao kando ya machimbo, nyundo mkononi, wanagonga kokoto na mama zao. Mtoto huyo ukimwambia "huku kuna ajira", si Jumatatu naye abaki hukohuko? Na nikikataa, habari za baruti atamwambia nani? Naomba kuwasilisha.

zabibu_kavu
Nimekaa siti ya mbele. Ila mwalimu, waombe na matundu ya choo.

Fundi_Baruti
Wakubalie, lakini usipokee afisa uhusiano na kipaza sauti chake. Omba aje mwenye leseni ya kulipua pamoja na fundi wa krasha. Nimelipua mawe miaka 14, najua watoto wanachohitaji kusikia: king'ora kinalia lini, bendera nyekundu ikifunga njia unasimama wapi, na kwa nini baada ya mlio hakuna anayeingia mpaka mlipuaji akague matundu yote yaliyotiwa baruti. Tundu moja linaweza kugoma likabaki hai.

Kubwa kuliko yote: ukiona waya wa rangi umechomoza kwenye kifusi, au kitu cha bati kama kipande cha kalamu, usiguse, usivute, usimpelekee mwenzako aone. Kaa mbali, kamwite mtu mzima. Hiyo ni fataki, kiwashio cha baruti. Mtoto wa jirani yangu aliokota moja, leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Ziara iwe siku isiyo ya kulipua, krasha imezimwa. Bila kofia ngumu na reflekta za kutosha watoto wote, hamuendi.

Mama_Wawili
Mwalimu shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao mama. Mvua ikikata mtama ungali mchanga, kokoto ndiyo inayonunua daftari unalosahihisha. Usituone hatuna akili.

Hao wageni waulizeni mashimo ya zamani waliyoyaacha wazi. Masika yanajaa maji, watoto wanaogelea humo, na wengine hatukuwatoa wazima. Waje na jibu la hilo kwanza.

Mwl_wa_Kata
Marahaba mama. Nimekosea nilivyoandika, unisamehe. La mashimo nalibeba. Wajuzi wa sheria mpo?

Karani_Mstaafu
Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu machimbo ya mawe kuwa kazi hatarishi, asiye na miaka 18 haruhusiwi. Kampuni iseme hivyo mbele ya watoto kwa mdomo wake, na iseme pia kwamba hainunui kokoto iliyogongwa na mtoto. Hapo utajua kama wanakuja kwa usalama au kupiga picha.

Madawati nayo yasikulegeze. Sheria ya Madini ya 2010, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Basi yapitie halmashauri, siku tofauti na hotuba. Tume ya Madini makao yake yako hapohapo Dodoma, mwombeni afisa aje akae ukumbini. Mtu akisikilizwa na msimamizi wake huongea vizuri.

Jiwe_Gumu
Mimi nimesoma Chuo cha Madini Dodoma, na nimeanzia sekondari ya kata kama yako. Nilikuwa nadhani kazi ya machimbo ni nyundo tu. Hakuna aliyeniambia kuna mjiolojia, mpima, fundi umeme, mtu wa mazingira, na kwamba wote hao walipitia Hisabati na Fizikia nilizokuwa nakimbia. Hilo ndilo liwe somo la ajira. Wasichana nao walisikie kwa mwanamke anayeifanya kazi hiyo, kama kampuni inaye.

Usisahau vumbi. Mawe yetu mengi ni ya jamii ya matale (graniti), yana silika, madini yaleyale ya mchanga. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu halitoki, na aliyelivuta miaka anapata TB kirahisi. Kitambaa puani hakitoshi. Waulize krasha yao inamwagiwa maji au laa. Usiulizie ofisini, nenda mwenyewe saa tisa uangalie majani ya miti.

Mwl_wa_Kata
Nimeenda. Majani ni meupe.

Nimeandika barua ya kurasa mbili: mlipuaji aje, mashimo yazungushiwe uzio, krasha inyweshwe maji, ziara kwa ridhaa ya wazazi na kibali cha afisa elimu. Mkuu wa shule ameisoma yote safari hii. Akauliza madawati yanakuja lini. Nitaleta mrejesho.