Tableti moja, watoto sitini wa PP2: nianzie wapi?

Mwalimu_Emuhaya

Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, katika shule ya umma huku Emuhaya, Vihiga. Muhula huu kijana mmoja aliyesomea hapa, sasa yuko kazini Nairobi, alituletea tableti moja na projekta ndogo. Tulipiga makofi, tukapiga picha, mwalimu mkuu akafungia vitu ofisini. Sasa ameniita: "Mwalimu, hawa watoto lazima wawe wameshika hiyo tableti kabla ya mkutano wa wazazi."

Nina watoto sitini. Kipindi cha chekechea ni dakika 30. Pigeni hesabu wenyewe: nikigawa sawasawa kila mtoto anapata nusu dakika, na hapo sijahesabu kupanga mstari, kilio cha aliyenyang'anywa na kupangusa kamasi kwenye kioo. Msaidizi sina. Stima iko ofisini na upande wa sekondari msingi (JSS) tu. Projekta niliijaribu saa nne asubuhi kwa kuburura waya kutoka ofisini, lakini darasa langu madirisha hayana vioo wala mapazia, jua linaingia pande zote mbili. Ng'ombe wa picha ukutani nilimwona mimi peke yangu, na ni kwa sababu nilijua yupo.

Jambo lingine ni lugha. Watoto wangu wanatoka nyumbani na Kinyore. Kiswahili wanakiokota sokoni Luanda. Programu nilizofungua zinaongea Kiingereza cha Marekani, tena cha haraka, na moja imeanza na somo la kuvaa glavu za theluji.

Sitaki mjadala wa kama teknolojia ni nzuri au mbaya. Nauliza tu: mwalimu mmoja, tableti moja, watoto sitini, Jumatatu asubuhi nafanya nini nayo?

Mtu_wa_Mbale

Weka katuni, watulie, wewe ujaze vitabu vyako vya tathmini. Tusidanganyane, wengi ndivyo tunavyofanya.

Nyar_Nyalenda

Huyo wa Mbale mwache apumzike. Dada, mimi pia niko PP2, Kisumu, mtaa wa Nyalenda. Sina hata tableti. Nina simu yangu na spika ndogo ya kuchaji niliyonunua soko la Kibuye. Nitakueleza ninavyofanya, uchukue kitakachokufaa.

Achana na kioo kwanza. Kioo ni kidogo na watoto ni wengi, lakini sauti inawafikia wote, hata yule anayekaa mlangoni. Fungua kile kinasa sauti kilichokuja na tableti yenyewe, hakihitaji bando. Ita watoto watano mkekani mbele yako. Kila mmoja aseme sentensi moja tu kuhusu kitu alichokiona njiani akija shuleni. Wengine wawe kwenye meza zao na vifuniko vya soda, wanapanga mafungu ya tano tano, au wanafinyanga herufi kwa udongo. Udongo mnao mzuri huko, msiuache.

Halafu unganisha spika, ucheze. Hapo ndipo utashangaa. Watoto wa miaka mitano wananyamaza kabisa wakingoja kusikia sauti ya mwenzao ikitokea kwenye kisanduku. Cheza sentensi moja, simamisha. Ni nani huyo? Ameona nini? Tuirudie, tupige makofi: ni-me-o-na mbu-zi. Makofi sita. Nani anaweza kubadilisha mbuzi aweke kuku? Ni-me-o-na ku-ku. Bado ni sita. Unaandika "mbuzi" na "kuku" ubaoni, mmoja anakuja kutafuta herufi anayoijua. Dakika 30 zimekwisha na hakuna mtoto aliyegusa kioo, lakini somo la lugha limefanyika.

Kuhusu Kinyore, wala usiogope. Mtaala wenyewe unasema lugha ya mazingira ya mtoto ndiyo ya kufundishia kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3. Nilikuwa na msichana aliyeletwa kutoka kwa nyanyake Nyakach. Alikaa wiki nyingi akinitazama tu, ukimuuliza anashika kola ya sweta anaitia mdomoni. Siku ya zamu yake nikamwambia aseme kwa Dholuo. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Aneno guok." Spika ikaipaza. Darasa likaangua kicheko cha furaha, mmoja akabweka, na yeye akatoa kola mdomoni akasema: "Tena." Nikaicheza tena, na tena. Baadaye tukaisema kwa Kiswahili pamoja, nimeona mbwa, naye alikuwa wa kwanza kuitamka. Kumbuka sikumfundisha neno jipya lolote siku hiyo.

Hadithi: tafuta African Storybook. Ni bure, zina leseni huria, zipo za Kiswahili na za Dholuo na lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaweza kuzipakua ukiwa na mtandao kisha ukasoma bila mtandao. Mimi naishika simu mwenyewe, nasoma nikizunguka kati ya meza, picha kubwa naichora kwenye manila siku iliyotangulia. Katuni sizikatazi kabisa, Ubongo wa Tanzania wana za Kiswahili zilizotengenezewa umri huu, lakini kwangu ni za Ijumaa na ni fupi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni afadhali. Wako wamepita kidogo umri huo, ila wengi wakifika nyumbani wanakuta televisheni inangoja.

Na la mwisho, usikubali tableti iishi ofisini. Tuliziona zile za serikali za kuanzia 2016, zilizoundwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kwa ajili ya Darasa la Kwanza. (Sisi wa chekechea hatukupata, maana katiba ilituweka chini ya serikali za kaunti.) Katika shule niliyokuwa wakati huo zilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili, na ufunguo ukiutaka lazima uandike kwenye kitabu, usubiri mwenye ufunguo arudi kutoka mkutanoni. Wageni wakija, zinatolewa zinapanguswa vumbi. Mwombe mwalimu mkuu akukabidhi kwa maandishi, iwe juu yako.

Mama_wa_Kaptembwa

Niko Nakuru, nafundisha chekechea ya kibinafsi, na mwanangu yuko PP2. Nyar Nyalenda umeeleza vizuri sana, lakini hapo kwa "achana na kioo" nakupinga. Mtoto akigusa na kitu kikajibu, anajifunza kwa namna yake. Kule Tanga, Tanzania, programu za Kiswahili zilijaribiwa na karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, na wengi wakaanza kusoma kwa tableti bila mwalimu. Kitkit School na onebillion ndizo zilizoshinda, mwaka 2019, wakagawana dola milioni 10 za shindano la XPRIZE. Na ni kwa Kiswahili, si habari za theluji!

Kwa hiyo, dada, wagusishe, lakini kwa ratiba. Watoto watano kwa siku, wawili kisha watatu, wakati wa uji au wa michezo huru. Kwa siku kumi na mbili za shule sitini wote wamefikiwa, unaanza upya. Mimi natumia vibanio vya nguo vyenye majina kwenye kamba. Zamu ikipita kibanio kinahamia upande wa pili, na watoto wenyewe ndio polisi, huwezi kuwadanganya.

Na hizo sauti zibaki ndani ya tableti, zisiende WhatsApp wala Facebook ya shule. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na mwaka 2023 kuna shule ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila kuwauliza wazazi. Mwalimu mkuu wako anapenda picha, nimemsikia kwa mbali.

Nyar_Nyalenda

Mama wa Kaptembwa, Tanga kila mtoto alikuwa na tableti yake, na kijijini kulikuwa na mahali pa kuchajia kwa sola. Huyu dada ana moja na waya wa kuburura. Lakini hivyo vibanio nimevipenda, naiba.

Mstaafu_Kakamega

Nimesoma yote nikatabasamu. Miaka ya 1980 nchini humu kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza madarasa ya mwanzo kwa redio. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Redio haikuhubiri. Iliuliza, kisha ikanyamaza, na watoto wakajibu wote kwa pamoja, "It is a cup!", wakapewa jibu sahihi, wakaendelea. Kimya kile kati ya swali na jibu kilikuwa kimepimwa kwa makusudi. Kikiwa kifupi wanajibu wepesi peke yao. Kikiwa kirefu wanaanza kupigana.

Binti yangu wa Emuhaya, ukirekodi maswali yako mwenyewe ufanye vivyo hivyo. Uliza, hesabu moyoni hadi nne, ndipo uendelee. Sauti yako ikiwa kwenye spika, wewe mwenyewe una nafasi ya kutembea nyuma kule ukaone nani anachezesha midomo tu. Hiyo sauti ndiyo msaidizi uliyesema huna.

Mwalimu_Emuhaya

Mzee, shikamoo. Hilo la kurekodi maswali yangu sikulifikiria kamwe. Nyar Nyalenda, Mama wa Kaptembwa, asanteni. Nitaanza na sentensi za njiani, kwa Kinyore, na vibanio nitavikata kwenye boksi maana vya kununua wataenda navyo kwao. Projekta nimwambie mwalimu mkuu wapewe JSS, wana chumba chenye mapazia. Shida yangu sasa ni chaji na usalama. Mvua za alasiri huku mnazijua.

Fundi_Luanda

Mimi si mwalimu, natengeneza simu hapa stendi ya Luanda, nimeingia kwa sababu nimeona jina la soko letu.

Radi ikianza kunguruma, chomoa. Usingoje ikaribie. Kila msimu wa mvua naletewa vifaa vilivyoungulia kwenye chaji, na vingi havitengenezeki. Chaji asubuhi ofisini kabla ya gwaride, ukipata pawabenki ndogo ni bora zaidi, waya mrefu darasani na watoto sitini sitaki hata kufikiria. Shule ikifungwa usiiache ikiwa sifuri wala ikiwa imejaa. Iache nusu, uizime. Ukiona mgongo umevimba au kioo kimeinuka pembeni, hiyo ni betri. Usiibonyeze, usiichaji, ilete.

Vumbi la chaki linaingia kwenye tundu la chaji. Brashi kavu ya meno inatosha, sindano hapana.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Android kuanzia toleo la 5 ina mpangilio wa kubandika programu moja kwenye skrini. Uko kwenye mipangilio ya usalama. Ukiuwasha na kuweka namba ya siri, mtoto hawezi kutoka kwenye hadithi akaanza kuwapigia watu simu au akaingia YouTube. Washa na hali ya ndegeni. Spika ya blututhi bado itafanya kazi, unairudisha blututhi tu.

Mabati yakipigwa na mvua hakuna spika ndogo itakayoshinda, usipoteze pesa kutafuta kubwa.

Mwalimu_Emuhaya

Asante, fundi. Tableti ina tundu la memori kadi. Sauti za watoto sitini na hadithi, ninunue ya ukubwa gani?

Fundi_Luanda

GB 32 inatosha na itabaki. Lakini usinunue barabarani ukaenda nayo nyumbani, ziko zilizoandikwa 32 na ndani ni 4. Kuja na tableti, tuijaze mafaili hapa mezani, yakikubali yote ndipo ulipe. Niko kuanzia saa mbili, Jumapili sipo.